Bartola Cuamatzi Tlapale, Mfungisha Ndoa za Fugwe

Marehemu Bartola Cuamatzi Tlapale alizaliwa tarehe 24 Agosti 1951, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, hapa San Bartolo Cuamilco, kwenye miteremko ya mlima Malintzin. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Trinidad Cuamatzi na marehemu Modesta Tlapale. Enzi hizo kila nyumba ilikuwa na mbegu yake ya mahindi, meusi, mekundu au ya buluu, na mvua zikikolea fugwe, ule ukungu wa mahindi, lilijiotea lenyewe, likavimba kijivu mahali pa punje. Kwingine duniani huliita ugonjwa na kulichoma moto. Sisi tuliliita huitlacoche, tukalikaanga na vitunguu, tukamshukuru Mungu. Leo linauzwa kwenye makopo, na wanaolila hawajui limetoka ardhini au kiwandani.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1959 hadi darasa la nne. Aliacha kwa sababu mama yake aliugua na jiwe la kusagia lilihitaji mikono.

Tarehe 12 Februari 1972 alifunga ndoa na Anastasio Tecuapacho, mkulima. Walijaliwa watoto watatu: Librada, Crescencio na Odilón. Librada alisimamiwa ubatizo na Gaudencia Xicohténcatl, jirani wa ng'ambo ya korongo, na tangu siku hiyo wanawake hawa wawili wakawa komadre, wakiitana hivyo sokoni, kanisani na hata walipogombania kuku.

Mwaka 1984 Bartola aliajiriwa kuosha vyombo vya kioo katika kituo cha utafiti cha serikali. Huko Injinia Ofelia Rugerio alimwita siku moja achungulie kwenye hadubini. Mbegu ya fugwe ikiwa peke yake, alimweleza, ni kitu mfano wa hamira: inaishi, inazaana kwa kuchipua, lakini haiwezi kuingia kwenye hindi hata ikiwekwa juu yake. Lazima kwanza ioane. Iko ya aina hii na ya aina ile, na kila moja inatoa harufu ambayo ndugu zake hawaisikii. Anayeisikia ni wa aina nyingine tu. Akiisikia, anachomoza uzi mwembamba na kuupinda kuelekea inakotoka. Nyuzi zikikutana zinaungana, na hata baada ya hapo zinaulizana tena kwa ndani kama kweli si ndugu. Zikiridhika ndipo fugwe linapozaliwa. Bartola alikaa pale hadi jicho likamtoka machozi. Jioni alimwambia mumewe kwamba vile vitu vina heshima kuliko vijana wa San Bartolo.

Injinia Ofelia alimpa chupa mbili, moja ya kila aina, na kumfundisha kuzilisha supu ya viazi na sukari. Hapo Bartola akafanya lililo la mila yetu. Kwa kuwa bibi harusi na bwana harusi hawalali nyumba moja kabla ya siku yao, chupa moja alibaki nayo, ya pili akampa Gaudencia. Kila Julai, ndevu za mahindi zilipotoka, Gaudencia alivuka korongo na chupa yake ndani ya mtandio, kapu la mikate na chokoleti mkononi, kuja kuposa. Anastasio alisimama mlangoni na kusema binti yake bado mdogo, tena hajui kupika. Gaudencia alimjibu kwamba hata mama mkwe wa binti huyo, yaani yeye mwenyewe, alipoolewa hakujua, na bado hajui. Baada ya pombe kidogo ya pulque baba alilegea. Matone ya chupa mbili yaliwekwa pamoja kwenye sahani yenye unga wa mkaa, na yalipoota manyoya meupe ilijulikana kuwa wamekubaliana. Ndipo wanawake waliingia shambani na mabomba ya sindano, hindi moja baada ya jingine. Kwa zaidi ya miaka ishirini kikundi chao kiliuza fugwe mjini Huamantla, na hakuna aliyerudi na ndoo iliyojaa.

Mwaka 2006 kituo kilifungwa. Sasa ni ghala la matairi.

Mwezi Machi 2010 wana wa Gaudencia walipanda mbegu ya kampuni na kuanza kupulizia dawa ya kuua ukungu. Bartola alimkabili Gaudencia kwenye mashine ya kusaga, mbele ya foleni nzima.

"Wanao wanaua chakula chetu, komadre, na wewe unawashikia bomba."

"Wanangu wako hapa wanakula," Gaudencia akajibu. "Wako yuko wapi?"

Odilón alikuwa amekwenda kaskazini miaka miwili kabla na hakuwa amepiga simu. Bartola alichukua ndoo yake ya unga akaondoka. Tangu siku hiyo, mmoja alikaa upande wa kulia wa kanisa na mwingine upande wa kushoto.

Julai ikafika na hakuna aliyekuja kuposa. Anastasio alimwambia mkewe avuke korongo, neno moja tu lingetosha. Bartola aligawa chupa yake kwenye chupa mbili, akaziita bibi na bwana, akatia matone kwenye mkaa. Yalibaki laini kama maziwa. Alijua maana yake, na bado akawapeleka wanawake shambani wakadunge. Mahindi yalikomaa meupe, safi, bila doa, ya kupigwa picha na maofisa wa kilimo. Lori la mnunuzi liliondoka tupu, na kikundi kikavunjika. Fugwe la kujiotea, ambalo lingeweza kuipa chupa yake mwenza mwingine, lilikwisha adimika kwa dawa. Mara mbili alilipata, akajaribu kutenga mbegu yake jikoni, ikaoza. Hata hivyo chupa yake hakuiacha. Kila mwezi aliipikia supu mpya, akaihamisha, akaifunika kitambaa. Alipoulizwa ya nini, aliendelea kumenya viazi.

Mwaka 2019 aligunduliwa kuwa na kisukari, kikamshika figo. Mwezi Machi 2023 alilazwa, na wakati hayupo chupa ilimwagwa na mtu aliyetaka kumsafishia jiko. Hatutamtaja, nia yake ilikuwa njema, kama ya hao waliotufikisha hapa wote.

Mwezi Mei Gaudencia alivuka korongo kwa fimbo. Alifungua mtandio, akaweka chupa kitandani kwa Bartola, aliyekuwa ameshatoka hospitali. Kwa miaka kumi na mitatu naye alikuwa akiilisha kwa siri, wanawe wasijue.

"Nimekuja kuposa, komadre."

"Umechelewa. Yangu imemwagwa."

Gaudencia akaanza kuifunga chupa yake upya. Alisema ataendelea kuilisha tu.

"Ya nini?" Bartola akamuuliza. "Haina mwenza."

"Lakini inaita. Kuita haijaacha."

"Na wewe ulikuwa unaita?"

"Kila Julai. Nilisimama korongoni na kapu langu, nikangoja uchungulie tu mlangoni."

"Mimi nilikuwa nyuma ya mlango," akasema Bartola.

Walishikana mikono mpaka Librada alipoleta taa.

Bartola alifariki nyumbani tarehe 17 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Ameacha mume, Anastasio, watoto, Librada na Crescencio, na Odilón, ambaye habari zimetumwa kwake ila hatujui kama zimemfikia, wajukuu watano, na komadre wake Gaudencia Xicohténcatl, aliye hapa mbele yetu na chupa mapajani, ambayo bado ni hai. Mwenye shamba ambalo halijapigwa dawa, na akaona humo hindi lililovimba kijivu, asilichome. Alipeleke ng'ambo ya korongo.

Udongo wa Malintzin umpokee taratibu, na amani aliyoichelewea hapa aikute huko.