Majina Kumi na Moja Chini ya Benchi

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu: mimi ndiye niliyefuta majina ya wanafunzi wa kwanza wa chuo hiki. Nalikiri hapa kwa sababu linamhusu mwalimu anayestaafu tarehe 29 Novemba 2024, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi.

Mwalimu Matthew Khaemba hufundisha useremala katika Chuo cha Ufundi Musemwa, hapa Kimilili. Mwaka wa 1988 chuo kilikuwa ghala la mahindi lililoazimwa kutoka kanisani, na wanafunzi walikalia magunia. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kujitengenezea benchi. Walipomaliza, walichonga majina yao chini yake. Tangu hapo kila darasa hufanya vivyo hivyo, na hiyo ndiyo historia yetu yote.

Mwalimu hupima ubao mara tatu, kisha hutafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake. Aliwahi kuifuata meza hadi Kitale, siku mbili baada ya kuuzwa, kwa sababu mguu mmoja wa meza hiyo ulimnyima usingizi. Wanafunzi wake wana karakana Tuwan na Bungoma, na viti vya kanisa letu Lugulu ni kazi ya mikono yao.

Mimi niko Kidato cha Tatu. Mama ni mpishi wa chuo, nami hushinda maktabani likizo nzima. Agosti, mkuu wa chuo, Bi. Chepkosgei, aliniomba nipige msasa mabenchi makuukuu kwa ajili ya sherehe ya kumuaga Mwalimu. Nilisugua lile la kwanza kabisa juu na chini. Nilidhani ile ni mikwaruzo tu. Nilipopindua benchi la pili na kuona majina ndipo nikaelewa, na yale niliyoyafuta hayakuwa kwenye daftari lolote.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, nilipata kisingizio cha kumuuliza Mwalimu. Alitaja kumi huku akipiga randa, kila mmoja na kijiji chake. Nilikumbuka mistari kumi na mmoja, nikauliza wa mwisho ni nani. Alicheka.

“Huyo si ndiye unamwandikia, bana?”

Mwalimu, asante kwa kubaki. Tunakutakia mapumziko mema, na meza isiyoyumba.

Jumamosi nilimwomba patasi. Alinipa bila kuuliza ni ya nini. Nilipindua benchi lile la kwanza na kuyachonga majina yote, lake likiwa la kumi na moja.