Bi Ashatu na Nira za Watu

Bagamoyo, 28 Juni 2024
Kwa Bi Ashatu Mwinyijuma
Kutoka kwa Eufrazia Simon, stoo ya dawa

Leo Bi Ashatu anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mifugo kwa miaka thelathini na minne. Alianza mwaka 1990 akiwa na baiskeli na buti zilizomzidi namba mbili. Anaondoka na buti zinazomtosha.

Sisi wa stoo tunamjua kwa utepe wake. Hakuwahi kuchoma sindano ya maumivu kwa kukadiria uzito kwa macho. Aliuzungusha utepe kifuani mwa ng'ombe, akaandika, akapima tena, hata kama mvua inanyesha na mwenye ng'ombe anaguna.

Kosa lake moja huwasimulia mwenyewe maofisa wapya. Dume la Bwanausi, mkulima wa mananasi wa Fukayosi, lilivimba mguu. Bi Ashatu alilichoma dawa ya kutuliza maumivu na kupunguza uvimbe, akasema lipumzike wiki moja. Kesho yake dume lilitembea vizuri, Bwanausi akamshukuru Mungu na kulifunga mkokoteni. Hadi jioni mguu ulikuwa umeharibika kabisa, na dume lile halikuvuta tena. Bi Ashatu hakumlaumu mtu. Alisema yeye ndiye hakueleza kwamba sindano imeondoa maumivu tu, mguu wenyewe bado ni mgonjwa.

Tangu hapo, akimaliza kuchoma, huondoka na nira, mnyama asifungwe kazini kabla ya kupona. Kuna mwezi nira saba zilipangwa nyuma ya mlango wetu, na mkaguzi kutoka mkoani akauliza kama ofisi ina shamba. Bwanausi alipouguliwa na ng'ombe mwingine alilalamika, "Sasa Bi Ashatu, nira umechukua, mananasi nibebe mimi?" Akajibiwa, "Beba, baba. Wewe hujavimba popote."

Hoteli moja ya ufukweni ilikuwa na farasi anayechechemea. Farasi hana nira, kwa hiyo Bi Ashatu alichukua tandiko. Meneja alimfuata hadi getini akisema wageni wanasubiri, lakini tandiko lilikwishafungwa kwenye pikipiki. Lilikaa ofisini siku kumi, na farasi akapona vizuri.

Mwaka jana alifariki mume wangu Pantaleo, dereva wa ofisi hii. Alituachia ng'ombe mmoja wa maziwa, aliyemlea tangu ndama na kumkamua huku akipiga mluzi. Wiki ya tano baada ya mazishi, kiwele kilivimba kikawa cha moto, ng'ombe akalala na kukataa majani. Majirani walishauri achinjwe kabla hajafa, na mchinjaji akaja kumtazama. Nyumbani hatukuwa tayari kumpoteza na huyu.

Bi Ashatu alikuja Jumapili, siku yake ya mapumziko. Alizungusha utepe, akachoma dawa ya ugonjwa, akachoma na ya maumivu. Kisha akamgeukia mchinjaji. "Nenda nyumbani, kaka yangu. Huyu hana kazi na wewe." Alipoondoka alichukua ndoo yetu ya kukamulia, asije mtu akashawishika kunywa maziwa yenye dawa, akatuachia kopo bovu la kukamulia yale ya kumwaga.

Alirudi kila asubuhi. Siku ya tatu ng'ombe alisimama, akala, na kumpiga teke mwanangu Linda, ambaye alikuwa amempelekea maji. Linda alicheka huku anasugua goti, nasi tukacheka. Tangu msiba, uani kwetu hapakuwa pamesikika kicheko. Ng'ombe yule yupo, na anakamuliwa hadi leo.

Sasa Bi Ashatu anahamia Miono kufuga mbuzi na dada yake. Dada Ashatu mpendwa, asante kwa wanyama wote uliowapunguzia maumivu, na kwa sisi wenye wanyama. Tunakuombea afya njema, usingizi mrefu wa asubuhi, na simu isiyolia kabla ya chai. Utukumbuke katika dua zako, na Pantaleo umtaje kwa jina.