Mlango wa Pilipili

Kijiwe chao pale Segese kilikuwa benchi moja refu mbele ya duka la Dilip. Mwaka ule wa tisini na nane mvua za El Nino zilikuwa zimeichimba barabara, malori yakikwama siku nzima, kwa hiyo muda wa kubishana ulikuwepo tele. Mayala alikuwa akimimina kahawa. Dilip walimwita Redio, maana redio yake ya dukani haikuzimwa. Selestine alikuwa Dokta. Aliwahi kufagia zahanati miaka sita, na kwa maelezo yake usomi wote aliupatia mle mle. Maduhu, aliyeendesha mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, walimwita Karasha. Asubuhi hiyo Karasha alifika na pilipili kichaa mfukoni, na moyo wake wote ulikuwa kwa mama yake.

— Dokta, leo siku ya tano, alisema kabla hajakaa. Pilipili niongeze au nipunguze?

— Kwanza habari za mgonjwa.

— Jana kamkumbuka ng'ombe wa mahari yake. Jina, rangi, mpaka pembe iliyovunjika!

Selestine akapiga paja.

— Mmeona? Mlango umeanza kufunguka!

— Huyo ng'ombe hajawahi kumsahau, alisema Mayala. Bibi Bernadina anasahau ya jana. Ya zamani anayo yote.

Karasha aliusikia ukweli huo, akaumeza pamoja na kahawa. Miezi saba sasa mama yake alikuwa akimwita kwa jina la marehemu baba yake. Mara mbili alikwenda kuchota maji akarudia nyumba ya jirani, Nkwabi, akaketi jikoni mwake. Mtu aliyefika hapo hukubali lolote analoambiwa, na Karasha alikuwa amefika hapo.

— Jamani, Dilip alikatiza, mimi nilisema redio imesema nini? Wataalamu wa Marekani wamekuta mlango kwenye mishipa ya fahamu. Moto ukigusa, unafunguka. Pilipili ikigusa, unafunguka ule ule. Ndiyo maana pilipili inaunguza na moto haina. Basi! Habari ya kusahau hawakuitaja.

— Wataitajaje bure, Redio? Wanangoja watuuzie vidonge.

— Wewe umeyajulia wapi?

— Nimefagia, nimeona! Ubongo una vyumba. Vya Bibi Bernadina vimejifunga. Sasa Karasha anatia pilipili kwenye uji, inashuka tumboni, mbali kabisa na wodi yenyewe. Njia ya karibu na ubongo ni ipi?

— Pua, alisema Dilip, akajuta papo hapo.

— Jicho! Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Wiki ijayo atawatajia mpaka waliomfunga kanga harusini.

Mayala aliacha kumimina.

— Hilo usifanye, Karasha. Nakuomba.

Karasha aliinamisha kichwa.

— Mama mwenyewe anajifikicha, alisema polepole. Pilipili anazichambua kwa mkono, halafu anasahau alichoshika, anajifuta machozi kwa vidole vile vile.

— Macho yakoje?

— Mekundu.

Dokta aliweka kikombe chini. Hapakuwa na haja ya kuelezana. Miaka ile bibi kizee akiwa na macho mekundu, hata kama ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe, watu walimwita mchawi, na wengine walimalizwa kwa panga. Na kwa Nkwabi walikuwa wamezika mtoto wiki iliyopita.

— Umemwacha na nani? Mayala aliuliza.

— Peke yake. Nimefunga mlango kwa kamba.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mgeni na beseni la dagaa kichwani. Alikuwa Apolonia, mchuuzi kutoka Masumbwe, na alikuwa anahema.

— Shikamooni. Natoka kwa Nkwabi. Nilikuwa napima dagaa, kaingia bibi mmoja, kakaa jikoni kama kwake. Anauliza mtoto yuko wapi, mbona leo halii. Watu wamejaa. Wanamwuliza macho yamekuwaje mekundu, anasema hakumbuki. Jamani, ni mama wa nani?

Karasha aliruka kutoka kwenye benchi. Akatoa pilipili mfukoni, akazisaga viganjani, akajipaka macho yote mawili mpaka akapiga ukelele.

— Karasha! Umechizika?

— Nikienda na maneno hawataniamini! Nishike mkono, Dokta. Twende. Na ukifika useme ulichoniambia.

Walikimbia, Dokta mbele akimvuta, Dilip nyuma na viatu vyake vya dukani, benchi wakaliacha na vikombe vikifuka. Karasha hakuona kitu. Alisikia tu kelele za watu zikikaribia, kisha sauti ya Nkwabi:

— Huyo naye kafanyaje?

— Nkwabi, nitazame macho! Nusa mikono yangu, halafu nusa ya mama. Ni pilipili. Nimemlisha mimi siku tano, nilitaka akumbuke. Mchawi hayupo hapa. Yupo mjinga, ndiye mimi.

— Nilimwambia mimi, alisema Selestine. Ilimtoka sauti ndogo ambayo kijiweni hawajaisikia.

Karasha alihisi mtu akimshika kiganja, akikinusa, akikiachia. Kisha akasikia panga likiwekwa chini, na Nkwabi akimwambia mkewe:

— Leta maziwa.

Maziwa yalipoletwa, kuna mkono mkavu uliompokonya mke wa Nkwabi kibuyu. Bibi Bernadina alilowesha pindo la kanga yake, akamkalisha Karasha chini, akaanza kumfuta jicho moja, kisha la pili, huku ya kwake yakitiririka. Hakumwita Maduhu. Hakumwita hata kwa jina la marehemu.

— Pole, ng'wanawane, alisema, mwanangu, pole. Nani kakufanyia hivi?

Wote pale uani walilijua jibu.