Neno Alilolizidisha Mpiga Mbiu wa Dunda

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Masheikh zetu, majirani, na mama zetu mlioko nyuma ya pazia, asalaam alaykum. Sisi wa nyumbani tumepewa ruhusa, kabla sahani za hitima hazijaletwa, tuwasomee maisha ya mzee wetu, na tunaomba mtusikilize kwa utulivu, maana mzee mwenyewe hakupenda kukatizwa akishaanza.

Marehemu Mwinshehe bin Mrisho alizaliwa Mapinga, mwezi wa Mfunguo Tatu, mwaka wa 1247 wa Hijra, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mrisho, mkulima wa mtama na muhogo, na husimuliwa kwamba siku hiyo alilia kwa nguvu hata wapita njia wakasimama kuuliza kuna msiba gani. Alisoma chuo cha Kurani hapa Bagamoyo kuanzia mwaka wa 1255 hadi 1260, na mwalimu wake alipomruhusu aende zake alisema kwamba elimu ya kijana huyu ni ya kiasi, lakini sauti Mungu amempa ya watu wanne.

Tarehe 10 Rajabu, mwaka wa 1271, majumbe wa mji walimkabidhi mbiu, ile pembe ya nyati mnayoijua, awe anapita mitaani kutoka Dunda hadi pwani akitangaza amri, harusi na misiba. Kanuni ya mbiu mnaijua pia, kwamba mpigaji hana neno lake, asemalo ni la nyumba iliyomtuma, na nyumba hiyo hushikwa kwa kila atakalolitamka. Kanuni hii marehemu aliishika barabara, akatangaza njaa na neema, na tusifiche, akatangaza hata watumwa watoro, kwa kuwa ndivyo alivyotumwa, na siku kama hizo alikuwa akirudi nyumbani hataki chakula wala maneno.

Mwaka wa 1275, mwezi wa Mfunguo Mosi, alimuoa Bi Dija binti Msabaha wa hapa Dunda, wakajaliwa watoto watatu, Sharifu, Sada na Hija, ambao wote wamo humu ndani leo, na Bi Dija alikuwa akisema kwa utani kwamba ameolewa na mtu ambaye hata siri anaitia baragumu.

Sasa tunafika mahali ambapo hata sisi tulioishi naye bado tunapastaajabia. Mwezi wa Shaabani, mwaka wa 1302, Bi Jokha, aliyekuwa tajiri wa sandarusi katika mji huu, aliugua ugonjwa wake wa mwisho, akawaita wanawake wa mtaa kitandani pake, Bi Dija akiwa mmoja wao, akamshika mkono mjakazi wake Mina, akatamka kwamba amemwacha huru kwa ajili ya Mungu. Wanawake wale walifanya kosa ambalo mtaa wetu umelizoea, la kudhani kwamba neno likishasemwa mbele ya kina mama wengi limekwisha kuwa, hakuna aliyekwenda kumwita mwanamume hata mmoja asimame mlangoni kusikia, na alfajiri Bi Jokha akafariki. Mwanawe na mrithi wake, Bwana Hamoudi, alipoambiwa alisema kwamba maneno ya mgonjwa na ya wanawake hayasimami barazani, na kwamba Mina atakwenda kuuzwa Pemba, ingawa amri ya Seyyid wa Unguja ya kukataza biashara hiyo ilikuwa imetimiza miaka mingi, na nahodha alikuwa ameshaambiwa.

Bwana Hamoudi huyo huyo ndiye aliyempa marehemu maneno ya kutangaza msiba. Marehemu alipita nyumbani kuchukua pembe, Bi Dija akamweleza yote huku analia, naye akaitwaa pembe, akatoka. Alipofika mbele ya msikiti akapiga mbiu mara tatu, akasema, "Enyi watu wa mji, mbiu hii ni ya nyumba ya Bi Jokha! Bi Jokha ametangulia mbele ya haki, maziko ni baada ya adhuhuri!" Kisha mtu ambaye hakuwahi kuwa na neno lake akavuta pumzi, akaendelea, "Na Mina wake amemwacha huru kwa ajili ya Mungu! Mwenye kukana, aje akane kabla jeneza halijainuliwa!"

Mji mzima ukaenda kuhani, na kila aliyempa mkono Bwana Hamoudi alimwambia, "Pole kwa msiba, na Mungu amfungulie mama kama mlivyomfungulia Mina." Kwa yule wa kwanza alifumbua kinywa ili akane, lakini maiti ya mama yake ilikuwa ndani, udi unanukia, watu wamejipanga hadi barabarani, akasema, "Amin," na akishamwitikia wa kwanza, wa pili angemwambiaje? Mwishowe alifika Sheikh Muhidini, mwanachuoni wetu, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu Hamoudi, hayo wanayokuombea unayakiri?" Bwana Hamoudi akawatazama watu, akainamisha kichwa, akasema anayakiri, na Sheikh akajibu kwamba mrithi akishakiri, haja ya shahidi imekwisha. Mina alikuwa kisimani na kifurushi chake kimeshafungwa, walipomwambia akakiacha pale pale, akaingia kumwosha bibi yake pamoja na wenziwe, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza maishani mwake aliyoifanya bila kuamriwa na mtu.

Ijumaa iliyofuata palikuwa na mjadala mkubwa barazani, mtu kama Mina atalindwa na nini hasa. Wako waliosema atalindwa na amri ya Seyyid, wako waliosema manowari za Wazungu, na mmoja alisema akimbilie kwa mapadri, akajibiwa kwamba haki ya kukimbilia ni nusu ya haki. Ndipo Sheikh Muhidini akauliza, "Leo Mwinshehe amezidisha neno la kweli, nasi tumefurahi, je, kesho mwingine akiishika pembe hiyo hiyo akamtangaza mtu huru kuwa mtumwa, tutamshika kwa lipi?" Marehemu akasimama, akasema, "Sheikh wangu, umesema kweli, na mimi nilifanya kweli. Basi pembe hii ichukueni, maana mwenye kuvunja kanuni hafai kuishika, lakini Mina msimguse." Akaiweka juu ya mkeka, akaenda zake nyumbani. Tangu siku hiyo Sheikh Muhidini ameweka desturi kwamba mwanamke akizidiwa, wanaume wawili waadilifu wakae nje ya pazia wasikie kauli yake, na wako watu mtaani humu wanaotembea huru kwa desturi hiyo. Nani alishinda mjadala ule sisi hatujui.

Marehemu aliishi kwa kushona makuti, na hatukumsikia akiinung'unikia pembe, ingawa bei ya makuti aliitaja kwa sauti ya kutangaza harusi. Mwezi wa Mfunguo Tisa, mwaka wa 1304, alishikwa na homa na kifua, akatibiwa kwa kombe la aya za Kurani na dawa za mizizi, lakini ajali haina kinga, na Jumanne, tarehe 11 Rajabu, mchana, alikata roho mikononi mwa Bi Dija.

Mvua ya masika ilikuwa inamwagika, mpiga mbiu wa sasa alikuwa Mapinga kwenye harusi, nasi tukawa tunaulizana nani atauambia mji. Mina, aliyekuwa nasi akimuuguza, akainuka, akajifunga nguo kiunoni, akatoka hivyo hivyo bila pembe, na haijapata kusikiwa Bagamoyo mwanamke kupiga mbiu. Sauti yake ni ndogo, mnaijua, lakini tuliisikia kutoka ndani, "Enyi watu wa mji! Mbiu hii si ya nyumba yoyote, nimejituma mwenyewe! Mwinshehe bin Mrisho ametangulia mbele ya haki!" Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine, watu wakatoka mvuani vichwa wazi, na Bwana Hamoudi alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza.

Tunamshukuru mganga wetu aliyemtibu, mapadri waliotuletea dawa ya homa, majirani waliopika na kuchimba, washona makuti wenzake, na majumbe wa mji. Mwenye haki yoyote juu ya marehemu, kubwa au ndogo, aje kwetu bila kuona haya, awe muungwana au mtumwa, tutamsikiliza.

Mungu akulaze pema, mzee wetu. Mji umesikia.