Vikombe vya Placida

COSTANSIA: Haloo? Nani mwenzangu?

NOVATUS: Mkweo, mama. Novatus. Shikamoo.

COSTANSIA: Marahaba, baba! Ulifika Songambele salama? Umekula?

NOVATUS: Chakula hakipiti, mama.

COSTANSIA: Jilazimishe, waitu, nakuomba. Mkeo Placida tumeshamzika, na wewe tusije tukakuzika.

NOVATUS: Mama, vile vikombe vya kaure alivyokuwa anachora hapo kwako, akiumwa—

COSTANSIA: Vya ndege na maua ya mibuni?

NOVATUS: Hivyo hivyo. Nimewasha tanuru, nakuja kuvichukua nivichome. Sina kingine chenye mkono wake, mama. Ila visiguswe na maji, rangi haishiki mpaka vipite motoni, la sivyo—

COSTANSIA: Haloo? Unakatika!

NOVATUS: Nasema vikombe—

COSTANSIA: Viko kabatini, usihangaike! Siku ya msiba nikasema, padri simnyweshi chai kwenye plastiki. Nikavitoa.

NOVATUS: Ukavitoa...

COSTANSIA: Na mimi mwenyewe ndiye niliyeviosha. Rangi ikawa inachuja, nikaogopa watu watainywa. Nikasugua kwa majivu mpaka ikaisha yote. Ungeviona! Vyeupe pee! Watu wakasema, kweli marehemu alipenda usafi.

(mtandao unakwaruza)

COSTANSIA: Novatus? Upo?

NOVATUS: Nipo.

COSTANSIA: Mbona umenyamaza? Nimekosea?

NOVATUS: (polepole) Hapana, mama.

COSTANSIA: Niambie tu. Mwanangu nilimwosha kwa mikono hii, nikaosha na vyombo vyake. Nilitaka aende vizuri.

NOVATUS: Alienda vizuri. Hukukosea kitu.

COSTANSIA: Na hilo tanuru?

NOVATUS: Nitauacha moto ufe wenyewe.

COSTANSIA: Basi njoo uchukue hata kimoja, uwe unanywea. Ila baba, kuna kimoja kilinitoa jasho! Alichora mwanaume mwenye kofia, amechuchumaa mbele ya moto, anacheka. Hicho alikipaka siku nyingi, mkono unatetemeka, na yeye anacheka peke yake. Nikimuuliza, anakifunika na kanga. Anasema mpaka kitoke motoni ndipo tutakiona.

NOVATUS: Mama—

COSTANSIA: Nilisugua sana. Kwani alikuwa nani yule?

(Novatus, amechuchumaa mbele ya tanuru, anavua kofia yake)

NOVATUS: Sijui, mama. Vocha inaisha. Baki salama.

COSTANSIA: Haya, baba. Ule lakini! Novatus? Haloo?