Kerneli Isiyowaka

MDOGO: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Dada yako. Nimeazima simu ya mlinzi getini. Yangu wameichukua kazini, pamoja na kompyuta yao.

MDOGO: Dada... shikamoo. Pole sana, mimi nilitaka kukupi—

DADA: Marahaba. Pole baki nayo. Wewe ndiye uliyeondoa ile nafasi tupu kwenye kerneli, moyo wenyewe wa programu ya mashine?

MDOGO: Nafasi ipi?

DADA: Usinizungushe. Kati ya msimbo na data. Niliiacha makusudi, ili data ianzie kwenye ukurasa wake, kipande chake chenyewe cha kumbukumbu ya mashine.

MDOGO: [mkwaruzo] ...sikusikii vizuri—

DADA: Unanisikia.

MDOGO: Faili lilikuwa kubwa, Dada. Mkuu alitaka lipungue. Nikaona pale hapana kitu, pamekaa bure tu.

DADA: Bure? Ukurasa wa msimbo hufungwa, hauandikiki. Wewe umeisukumia data humo humo. Ikijaribu tu kuandika kitu, mashine inazimika.

MDOGO: Mbona mashine ya majaribio ya mezani iliwaka—

DADA: Ya mezani ni ya kizamani, haina kufuli hiyo. Za hospitali zinayo, ndiyo maana zimekataa kuwaka. Mashine za kusafisha damu, wewe! Wagonjwa wanazisubiri, mimi nimefukuzwa kwa kosa lako, nawe kikaoni ukakaa unatazama viatu.

MDOGO: Ningesema nini? Mke wangu anakaribia kujifungua—

DADA: Kazi hiyo nani alikuombea?

MDOGO: Wewe, Dada.

DADA: Nenda kwa mkuu sasa hivi, ukamwambie.

MDOGO: Nitarekebisha, Dada. Kimyakimya. Mashine zitawaka, na—

DADA: Na mimi je?

MDOGO: [kitu kinalia kwiii]

DADA: Hicho si kiti changu kinacholia? Uko ofisini kwangu?

MDOGO: Wameniomba nikaimu.

DADA: Lini?

MDOGO: Dada, mtandao—

DADA: Nimeuliza lini.

MDOGO: Jana.

DADA: Jana. Mimi nimefukuzwa leo asubuhi.

MDOGO: Nilitaka kukuambia, wallahi—

DADA: Nyamaza, unisikilize. Irudishe ile nafasi. Data ianze mwanzo wa ukurasa mpya. Halafu jaribu kwenye mashine mpya, siyo hiyo ya mezani. Wagonjwa hawajakukosea kitu.

MDOGO: Sawa. Sawa, Dada. Na Mama... Mama nimwambie nini?

DADA: Mwambie umepanda cheo. Salio linaisha, kwa—

MDOGO: Dada? [mlio wa simu iliyokatika] Dada?