Tekla Lunyungu, Mwandishi wa Maneno ya Watu

Baba Padri, wazee wetu, akina mama na ndugu wote mliofika hapa Iyunga leo Jumamosi, tarehe 17 Oktoba 1959, familia inawashukuru kwa kuja kuketi nasi chini, na kabla hatujamsindikiza mpendwa wetu tunaomba mtuvumilie tuwasomee maisha yake, maana wengi mlimjua kwa kipande tu, huyu kama mwalimu, huyu kama jirani, huyu kama yule mama wa daftari, na mumewe ameona si haki mtu azikwe vipande vipande.

Marehemu Tekla Lunyungu alizaliwa Idodi, tarehe 3 Mei 1926, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Lunyungu, mrina asali, ambaye ametangulia mbele ya haki, na Mama Evarista, ambaye yupo nasi, amefika leo asubuhi kwa lori kutoka Iringa na bado hajakubali kupumzika.

Alianza kusoma mwaka 1935 kwa katekista wa hapo Idodi, na mwaka 1938 akapelekwa shule ya masista Tosamaganga, akitembea siku mbili na nguo zake kikapuni, akahitimu mwaka 1943. Hakuwa wa kwanza darasani, familia haipendi kusema uongo mbele ya jeneza, hesabu zilimshinda kabisa, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri hata wenzake wakawa wanamwomba awaandikie barua za nyumbani, naye akawaandikia kwa maneno mazuri kuliko waliyomwambia, akidhani ndiyo kusaidia.

Januari 1944 alianza kazi ya ualimu Ipogolo, na mwaka 1949 akaongeza madarasa ya alasiri kwa akina mama wa Iringa mjini, akishirikiana na Bi Kumud, mke wa mwenye duka la vitambaa, Bi Kumud akifundisha cherehani na marehemu akifundisha kusoma. Tarehe 15 Aprili 1950 alifunga ndoa kanisani Iringa na Bwana Tusajigwe Mwaisumo, seremala, mzaliwa wa hapa Iyunga aliyekuwa akifanya kazi kule, na tarehe 8 Machi 1951 Mungu akawajalia binti, Lea.

Mwishoni mwa mwaka 1953 mgeni mmoja kutoka ng'ambo alitembelea lile darasa la akina mama, akakaa nyuma akisikiliza mpaka mwisho, na tarehe 4 Desemba ikaja barua ya kumwalika marehemu aende mji wa Liverpool, Uingereza, akae mwaka mmoja kama mwanagenzi katika ofisi ndogo ya raia waliojitolea kutetea haki za wakazi wenzao, mabaharia, wapangaji na wageni waliotoka makoloni. Jambo hilo lilileta mtikisiko katika ukoo, kwa kuwa Lea alikuwa hajatimiza miaka mitatu, na wazee walipoketi hapa hapa uani, mmoja wao alisema, "Mke akishapanda meli, hata akirudi harudi mke." Tusajigwe alisimama akawajibu, "Baba zangu, nimetengeneza milango mingi, lakini sijatengeneza hata mmoja wa kumfungia mtu ndani," kisha akaketi. Mama mzazi wa Tusajigwe, bibi yake Lea, ndiye aliyemaliza shauri kwa kumbeba mtoto mgongoni na kwenda naye shambani.

Marehemu aliondoka Iringa tarehe 11 Februari 1954 kwa basi hadi Dodoma, akachukua treni hadi Dar es Salaam na meli hadi Uingereza, akafika Liverpool tarehe 19 Machi, kwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la viatu. Katika wiki ya kwanza alikabidhiwa baharia mmoja Msomali, mtu mzima, ambaye mwenye nyumba alikuwa amemtolea vitu vyake mvuani kwa kuwa hakutaka watu weusi tena, na marehemu akaandika maelezo yake kwa Kiingereza safi cha masista, kurasa mbili, akampelekea mkuu wa ofisi, mwanamke mzee mjane aliyepewa kumfundisha kazi. Yule mama alisoma, akamwita baharia, akamsomea polepole, akamwuliza kama hayo ni maneno yake. Baharia alisema, "Ni mazuri. Lakini mimi sikusema nasikitika, nilisema nimekasirika." Marehemu alituambia kwamba alitamani sakafu immeze, na kwamba mwalimu wake hakumkemea, alimpa tu karatasi nyingine, na kuanzia hapo akajifunza kazi upya, kusikiliza kwanza, kuandika neno la mtu kama lilivyotoka, kumsomea mwenyewe kwa lugha yake, na kutopeleka popote karatasi ambayo mwenyewe hajairidhia.

Mwaka ule ulikuwa mgumu. Alikodi chumba kisicho na moto, alikuwa akiandika nyumbani kila Jumapili na barua zikichukua majuma mengi, jioni zake alizitumia kulitafsiri kwa Kiswahili lile Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu kwa kifungu, na Novemba alilazwa kwa homa iliyouma viungo vyote, ambayo madaktari walisema baadaye kwamba ndiyo iliyomwachia maradhi ya moyo. Alirudi Iringa tarehe 22 Aprili 1955, ambako bibi alikuwa amekuja kukaa na mtoto, na Lea, aliyekuwa na miaka minne, alijificha nyuma ya bibi yake akimwita bibi "mama". Bibi alimwambia marehemu, "Usimvute. Mpikie tu, njaa itamleta," na kwa wiki tatu mtoto alikula chakula chake bila kumtazama mpishi, mpaka siku moja akasema kwamba maharage hayana chumvi, na marehemu akatoka nje akalia kwa furaha.

Mwaka huo huo familia ilihamia hapa Iyunga, na hapa tunasema jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisemwe, na Bi Mwantumu, aliyeketi pale kando ya mlango, ameturuhusu tumtaje. Mwanzoni mwa mwaka 1956 Bi Mwantumu alifiwa na mumewe, mfanyabiashara wa Mbeya mjini, na hata eda haijaisha shemeji zake wakaanza kumtoa nyumbani. Marehemu alisikia habari hizo kisimani, moyo ukamwaka, akaandika barua kali usiku ule ule na kuipeleka serikalini asubuhi, bila kumwuliza mwenye msiba. Shemeji walipoitwa walikasirika, wakawachukua watoto wote wawili wakawapeleka mbali, na miezi minane ikapita kabla hawajarudishwa. Marehemu alikwenda kuomba radhi, akaketi chini kwenye mkeka, na Bi Mwantumu akamwambia, "Mwalimu, wewe ulinisaidia kabla hujaniuliza."  Marehemu alirudi kila wiki kwa miezi ile minane, safari hii akaandika yale aliyoambiwa tu, na watoto waliporudi, Januari 1957, wanawake hao wawili walikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Katikati ya hayo, tarehe 14 Novemba 1956, alizaliwa mtoto wa pili, Marcelino.

Machi 1957 zilifika habari kutoka Iringa kwamba familia thelathini na nane zilizolima kando ya Mto Ruaha Mdogo, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Ipogolo, zimeamriwa kuhama ili ardhi ipewe mlowezi mmoja wa tumbaku, na kwamba ipo karatasi yenye dole gumba la kila mwenye kaya, isemayo wamekubali kwa hiari yao. Wazee wao, ambao binti zao alikuwa amewafundisha, walimwomba afike. Alikwenda pamoja na Bi Mwantumu, wakakaa kule siku ishirini na sita, wakienda nyumba kwa nyumba, na kila kaya ikawaambia jambo lile lile kwa maneno yake, kwamba karatasi ile walisomewa kuwa ni ya kuhesabu ng'ombe kwa ajili ya josho.

Shauri lilisikilizwa Iringa mjini tarehe 6 Agosti 1957, mbele ya afisa aliyetumwa na Jimbo. Wa kwanza kuitwa alikuwa bibi mmoja kizee, akasema kwa Kihehe kwa muda mrefu sana, na alipomaliza mkalimani wa baraza akasema, "Anasema hataki kuhama," basi. Marehemu alisimama akaomba ruhusa ya kutafsiri, akaambiwa aketi, akabaki amesimama, akaambiwa atatolewa nje, akasema kwa sauti ya chini, "Nitatoka, bwana, lakini maneno ya bibi huyu yabaki humu." Ndipo yule bibi, aliyekuwa hajui neno la Kiingereza lakini anajua kudharauliwa, akakaa sakafuni na kusema kwamba hataongea tena mpaka alichosema kisemwe, na watu wote waliokuja naye wakakaa sakafuni vilevile, mpaka afisa akamruhusu marehemu atafsiri.

Sasa, ndugu zetu, wengi husimulia kusimama kule, lakini familia inataka mjue kilichofuata. Katika maelezo yake yule bibi alikuwa amesema pia kwamba aliyewaletea karatasi na kuwasomea uongo alikuwa mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa unyapara katika shamba lile, na asubuhi ya siku ile wazee walikuwa wamemsihi marehemu alipite neno hilo, kwa kuwa ni aibu ya kijiji, na kwa kuwa huenda afisa akasema basi mlidanganyana wenyewe. Marehemu alimtazama bibi, akamwuliza kwa Kihehe, "Nalo hili niliseme?" Bibi akajibu, "Mimi nimelisema." Marehemu akalisema lote, mbele ya mtoto huyo aliyekuwa amesimama ukutani, naye akainamisha kichwa, na alipoulizwa hakukana.

Uamuzi ulisomwa tarehe 19 Novemba 1957. Karatasi ile ilifutwa, familia ishirini na nne za ukingoni mwa mto zikabaki, na kumi na nne za upande wa juu zikahamishwa hata hivyo, kwa sababu nyingine, hadi kwenye ardhi ya mawe. Watu walimpongeza marehemu, yeye akauliza wale wa familia kumi na nne wanakula nini, na hakuwahi kuliita jambo lile ushindi. Aliendelea kuwaandikia maombi yao mpaka Juni mwaka huu, na jibu bado halijaja.

Kuanzia Mei 1958 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kuwa fupi, akalazwa mara tatu katika hospitali ya Mbeya, akirudi nyumbani kila mara akiwa amekonda kidogo kuliko kabla. Miezi ya mwisho hakuweza kushika kalamu, akawa anasikiliza watu kitandani na Bi Mwantumu, aliyejifunza kusoma kwake, akiandika. Siku ya Alhamisi, tarehe 15 Oktoba 1959, saa nne asubuhi, Mwenyezi Mungu alimwita, mumewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi na ndugu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Iyunga waliopika na kuchota maji tangu juzi, walimu wenzake wa Ipogolo, Bi Kumud aliyeleta sanda na kuishona kwa mkono wake, na Bi Mwantumu, ambaye hatuna neno la kumtosha. Mumewe anaomba pia yeyote ambaye marehemu aliwahi kumkosea kwa kusema asichotumwa, amsamehe leo kabla ya udongo. Na kwenu ndugu wa familia zile kumi na nne, tumewaona, mmekuja wanane, daftari lenye maelezo yenu halizikwi naye, liko mezani ndani, na Bi Mwantumu atakaa nanyi Jumatatu.

Mama Lea, kazi yako tumeipokea mikononi. Lala sasa, upumzike, na amani ya Mungu iwe juu yako.